Bati la Land Rover na Mafundi wa Karagwe

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hapa mjini tunakihesabu kuwa takataka. Nacho ni bodi ya gari kuukuu.

Mtu akitoka Kyaka akapanda kuelekea Karagwe, akapita Omurushaka na Kayanga, kisha akashika njia ya Nkwenda hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda, atakuwa amepita wilaya mbili ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa moja tu, kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe. Ni nchi ya milima, migomba na kahawa. Na huko, nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi au pembeni mwa shamba, hakosi kuona Land Rover ya zamani imekaa juu ya magogo. Magurudumu hayapo. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini halipeleki kwa wanunuzi wa chuma chakavu, atakuambia kwamba anangoja fedha. Maana yake ni kwamba gari hilo kwake halijafa.

Wapo wasiongoja. Wamelifungua gari lao palepale uani, milango wameiegemeza ukutani, madigadi yamelala kwenye majani, na fundi anagonga kuanzia asubuhi. Kazi hiyo haina gereji wala duka la vipuri lililo karibu, lakini inafanyika. Nami nauliza swali moja ambalo nadhani ni la historia zaidi kuliko la ufundi: mtu anaporudisha gari la namna hiyo katika hali yake ya zamani, analirudisha katika hali ya mwaka gani?

Kulijibu, inatubidi twende mbali kidogo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilitoka na ushindi na mifuko mitupu. Chuma kiligawiwa kwa kibali cha serikali, na waliofikiriwa kwanza ni wenye viwanda walioweza kuuza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover, iliyozoea kutengeneza magari ya mabwana, ikajikuta haina chuma cha kutosha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani katika shamba lake huko Wales, akaona kwamba gari la aina ile linaweza kuuzika kwa wakulima. Ndipo ikazaliwa Land Rover, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948.

Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi yake ikatengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo, madini ambayo viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimeyazoea. Na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kununulia mashine kubwa za kukandamiza mabati, mabati ya gari hili yakafanywa bapa, yenye mikunjo michache inayoweza kukunjwa kwa mkono. Hata chesisi iliungwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyochomelewa vikawa kama boksi refu. Karibu kila kipande cha bodi kikafungwa kwa boliti au ribiti, hivyo mtu mwenye spana na subira anaweza kulifungua gari zima kama anavyofungua kitanda. Wenye kampuni walidhani kwamba wanapitisha miaka michache ya shida. Badala yake, sura hiyo iliendelea kutengenezwa, ikibadilika polepole, mpaka Januari 2016.

Kwa ufupi, gari hili ni mtoto wa uhaba. Naomba neno hilo tulikumbuke, maana litarudi.

Katika miaka ya 1950 Land Rover zilienea Tanganyika, na Karagwe zilipata kazi kubwa, kwa sababu udongo ule mwekundu ukinyeshewa hauna huruma na gari la kawaida. Alikuwa nayo Bwana Shauri, baadaye Bwana Shamba na Bwana Mifugo. Wamisionari walikuwa nayo, na hospitali zao ziliitumia kubeba wagonjwa. Watu wa migodi ya bati ya Kyerwa nao waliihitaji. (Na hapa niseme pembeni: Kiswahili chetu kimewafanyia watu wa Kyerwa mzaha. Wao wana bati lenyewe ardhini, yale madini, lakini sisi tunaita bati kila kitu kilicho bapa na king'aavyo, hata bodi hii ya alumini isiyo na chembe ya bati ndani yake.) Mtoto wa kijijini alipousikia mlio wa Land Rover ukipanda mlima, alijua kwamba serikali inakuja, au padre, au mgonjwa anachukuliwa. Kwa miaka mingi watu wengi wa pembe ile ya nchi hawakupanda gari jingine lolote.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 gari lilibaki, likabadili mabwana tu. Sasa aliyeketi mbele alikuwa Mkuu wa Wilaya Mwafrika, katibu wa TANU, mganga mkuu, na katika miaka ya Operesheni Vijiji, watu waliokuja kuwaonyesha wananchi mahali pa kuhamia. Si kila mtu aliyefurahi kuuona ule uso wake wenye taa mbili za karibu karibu.

Halafu ikaja miaka migumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Uwezo ule, ndugu wasikilizaji, kwa sehemu kubwa ulikuwa ni magari. Serikali ilikusanya magari ya mashirika na ya watu binafsi kutoka nchi nzima yakapelekwa Kagera kubeba askari, mgambo, chakula na risasi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Magari yaliyokwenda si yote yaliyorudi, na yaliyorudi si yote yaliyokuwa na milango.

Baada ya vita hazina ya fedha za kigeni ilikuwa tupu. Walioishi wakati ule hawahitaji kusimuliwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, betri za redio kwa kujuana. Katika hali hiyo, nani angeagiza mlango wa Land Rover kutoka ng'ambo? Kipuri kilichohitajika Karagwe kilipaswa kwanza kipate fedha za kigeni Dar es Salaam, kisha kisafiri kwa reli mpaka Mwanza, kivuke ziwa kwa meli mpaka Bukoba, halafu kipande mlima. Mwaka 1983 ilipoendeshwa ile operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, hata mtu aliyekuwa na akiba halali ya vipuri alipata hofu ya kuonekana navyo. Nafuu ilianza mwaka 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka.

Basi kati ya mwaka 1978 na katikati ya miaka ya 1980, Land Rover za Karagwe ziliishi kwa nyundo. Hapo ndipo historia ninayotaka kuieleza ilipo, na ajabu ni kwamba imeandikwa kwenye mabati kuliko kwenye karatasi.

Tuelewe kwanza gari hili huoza wapi. Alumini haishiki kutu kama chuma. Ndiyo sababu ukiitazama Land Rover ya mwaka 1965 kwa mbali utadhani ni nzima. Lakini chini ya ngozi hiyo, chesisi ni ya chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria, ambao ndio unaoshika milango, dashibodi na usukani, nao ni wa chuma. Fremu za milango ni za chuma pia. Matope hujaa ndani ya chesisi, maji hukaa pale dereva anapoweka miguu, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Zaidi ya hayo, pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, madini hayo mawili hugombana, na safari hii anayeshindwa ni alumini: huvimba, ikageuka unga mweupe, rangi ikabanduka. Hivyo gari linaloonekana zima linaweza kuwa limeshikiliwa na mazoea tu.

Mafundi wa miaka ile hawakuwa na chuma kipya. Walikuwa na mapipa. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa kwa patasi na kunyooshwa, ni bati zuri la chuma, nene vya kutosha kufanya sakafu ya gari au kiraka cha ukuta wa mbele. Springi iliyovunjika ya lori ilikuwa malighafi. Mbao za mkaratusi zilichukua nafasi ya sakafu ya nyuma. Umeme haukuwepo, kwa hiyo waliochomelea walichomelea kwa gesi ya kabaidi, na wasio na kabaidi walipiga ribiti.

Wageni walioona kazi hizo walizicheka, wakaziita uzembe wa kiafrika. Mimi nadhani hawakujua wako wapi. Karagwe si nchi ya kufundishwa chuma. Huko Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, uhunzi na utawala vilikwenda pamoja. Miongoni mwa vitu vya kifalme vilivyohifadhiwa pale kulikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, mikuki ya fahari, na nyundo zilizokuwa alama ya mamlaka. John Hanning Speke alimfikia mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, na Henry Morton Stanley akafika mwaka 1876, na wote wawili waliandika juu ya heshima ya nyumba ile. Upande wa Buhaya, uchunguzi wa wataalamu wa mambo ya kale uliotangazwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba watu wa nchi zile walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri zenye joto kubwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka huohuo wa 1978, angalia ajabu ya mambo, wajukuu wa wahunzi hao walianza kukosa kipande cha bati kutoka Uingereza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini alumini ilikuwa mgeni hata kwao, nayo ina tabia zake. Chuma kikipata moto hubadilika rangi, kikawa chekundu, na mhunzi anajua wakati wa kugonga. Alumini haikuonyi. Inakaa na rangi yake ileile, halafu ghafla inayeyuka na kudondoka. Na ukiigonga mno ikiwa baridi inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Dawa yake mafundi wa bodi wanaijua duniani kote, nayo ni sabuni. Unapaka sabuni ya mche juu ya bati, unapitisha moto taratibu, na sabuni inapogeuka nyeusi unaondoa moto. Bati limelainika, linagongeka, na afadhali uligonge kwa nyundo ya mti huku limelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Mwisho wa kazi unanyoosha mkunjo ambao mashine ya kiwandani iliutengeneza kwa nukta moja, na wewe umeutumia asubuhi nzima.

Ndivyo uhaba wa Uingereza wa mwaka 1948 ulivyokutana na uhaba wa Tanzania wa mwaka 1982. Gari lililofanywa bapa na la kufungwa kwa boliti kwa sababu Waingereza hawakuwa na mashine, ndilo lililoweza kutengenezwa uani na watu ambao nao hawakuwa na mashine.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kwa muda wa kama siku moja hivi, na Karagwe nayo ikapokea makambi yake. Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika zikaja Toyota Land Cruiser nyeupe zenye nyaya ndefu za redio. Wakimbizi walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuona gari jipya. Baadaye zikaja pikipiki, ikaja lami ya Kyaka hadi Bugene, zikaja gari ndogo za Kijapani zilizotumika. Land Rover ikaenda chini ya mparachichi.

Na chini ya mparachichi ikawakuta wanunuzi wawili. Wa kwanza ana mizani. Ananunua kwa kilo, na alumini anaipenda kuliko chuma kwa sababu bei yake ni kubwa zaidi na njia yake ni fupi: inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, inakuwa sufuria. Bila shaka wako miongoni mwetu waliopika ubwabwa wa jana ndani ya boneti ya Bwana Shamba. Mimi simlaumu mnunuzi huyu. Mtu mwenye karo ya kulipa Januari hawezi kuambiwa atunze kumbukumbu za taifa uani kwake bure.

Wa pili ana simu yenye picha. Tangu Land Rover ya sura ile ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016, za zamani zimepanda thamani duniani, na hapa kwetu nako kuna wanaozipenda. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la magari haya, barabara zikajaa. Mnunuzi huyu hataki gari liwe sufuria. Anataka lirudi kuwa jipya: kila kovu lizibwe, kila kiraka kitolewe, rangi iwe ileile ya kijani iliyotoka kiwandani. Na hapa ndipo swali langu la mwanzo linaposimama, kwa sababu mnunuzi wa pili naye anafuta, ila anafuta kwa mapenzi.

Gari likirudishwa katika mwaka liliotoka kiwandani, tumeirudisha kazi ya wafanyakazi wa Solihull na kuitupa kazi ya wafanyakazi wa Kayanga. Kile kiraka cha pipa, chenye maandishi ya kampuni ya mafuta yanayosomeka kwa ndani, hakikuwepo kiwandani. Kilitokana na mwaka fulani katika historia yetu ambao hauna picha nyingi. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanaonyesha magari yaliyotumiwa na viongozi, na ni jambo jema. Lakini gari la kiongozi halina kiraka cha pipa.

Sisemi tuache magari yaoze kwa heshima ya historia. Rai yangu ni kwamba bodi ya gari hili ina vitu viwili, na kila kimoja kina haki yake. Chuma ni uhai wa watu. Kama mtu anataka gari lake lipande tena milima ya Kyerwa likiwa na abiria, chuma asikionee haya: aichome chesisi kwa bisibisi kila shubiri, na palipotoboka pakatwe mpaka kifikiwe chuma kizima, si kufunika kutu kwa puti na rangi. Ukuta wa mbele utengenezwe gari likiwa bado limesimama sawasawa, la sivyo milango haitafunga tena. Tanki la mafuta katika nyingi za gari hizi liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe lipelekwe mbali kabla mtu hajawasha moto wowote, na betri ifunguliwe. Kati ya chuma na alumini iwekwe rangi nzito au kipande cha mpira, visigusane. Alumini nayo haishiki rangi ya kawaida ikiwa tupu. Inataka rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili yake, vinginevyo mwakani itabanduka kama ganda la kitunguu.

Lakini alumini yenyewe ni kumbukumbu. Bonde la kwenye digadi halimwui mtu. Ribiti saba zilizopigwa kwa mstari usionyooka hazipunguzi mwendo. Hayo yaachwe, yapakwe rangi kama yalivyo. Na upande wa ndani wa mlango wa nyuma, pasipoonekana, ibaki sehemu kama kiganja ambayo haikupigwa msasa, zionekane rangi zote zilizopita pale, moja juu ya nyingine.

Kuna jambo jingine lisilongoja fedha. Fundi aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1982, leo amevuka 60. Baadhi yao wapo bado, pale Omurushaka, Kayanga, Nkwenda, wengine wameacha nyundo wanachunga migomba. Mwenye gari amwite mmoja uani, amkalishe, amwonyeshe kile kiraka, amwulize ni cha nani na pipa lilitoka wapi. Majibu yaandikwe kwa kalamu ya wino nyuma ya nakala ya kadi ya gari.